Wi-Fi ya RADIUS imegoma: soma logi kwanza, nenosiri baadaye

Mtumiaji akikuletea simu na kusema Wi-Fi imemkataa, usikimbilie kumbadilishia nenosiri. Huenda ombi lake halijafika hata mara moja kwenye seva ya RADIUS, ile inayoamua nani aingie kwenye mtandao. Huenda limefika, seva ikalitupa bila kujibu. Huenda simu yenyewe ndiyo iliyoikataa seva, na hili hutokea mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye kioo cha simu yote hayo yanaonekana sawa: inazunguka, inazunguka, kisha inakata. Kwenye logi ya seva hayafanani hata kidogo.

Njia ya ombi ni hii. Simu inazungumza na kifaa kinachorusha Wi-Fi, ambacho mafundi wengi hukiita AP. AP haijui nenosiri la mtu yeyote. Kazi yake ni kuyachukua maneno ya simu, kuyafunga ndani ya pakiti za RADIUS na kuyapeleka kwa seva kupitia UDP, poti 1812. Seva inaangalia kwenye hifadhi yake ya watumiaji (faili, hifadhidata, au saraka ya watumiaji kama LDAP na Active Directory ya Microsoft), inarudisha Access-Challenge ("endelea kujithibitisha") mara kadhaa wakati mazungumzo yakiendelea, na mwisho inatoa Access-Accept (amekubaliwa) au Access-Reject (amekataliwa). Swali la kwanza la fundi ni ombi limefika wapi kwenye njia hiyo.

Mifano yangu ni ya FreeRADIUS 3, programu ya seva ya RADIUS, kwenye Debian au Ubuntu, ambako faili ziko /etc/freeradius/3.0. Kwenye familia ya Red Hat utazikuta /etc/raddb, na programu inaitwa radiusd. Mtandao wenyewe ni WPA2-Enterprise au WPA3-Enterprise, kila mtu na jina lake na nenosiri lake.

Iache seva iongee

Simamisha huduma kwa systemctl stop freeradius, kisha iwashe kwa mkono: freeradius -X. Ukisahau kuisimamisha kwanza utaambiwa Address already in use. Ngoja hadi uone Ready to process requests, halafu unganisha simu moja. Moja tu, ukijaribu tatu kwa pamoja utasoma mchanganyiko usioeleweka. Kama watu wanaitegemea Wi-Fi hiyo kwa kazi, subiri saa ambazo ofisi imetulia, kwa sababu katika hali hii seva inafanya kazi polepole.

Logi ya -X ni ndefu na inatisha. Wengi huisogeza mpaka chini, wanaona Reject, wanaifunga. Sababu karibu kila mara iko juu zaidi, kwenye mstari wa kwanza wenye ERROR au WARNING. Jambo jingine: logi hii inaweza kuonyesha manenosiri ya watu waziwazi. Kabla ya kuibandika kwenye kundi la WhatsApp la mafundi ukiomba msaada, yafute.

Dalili: seva haioni kitu chochote

Simu inajaribu, skrini ya -X imetulia tuli. Hapo habari ya nenosiri na cheti (hati ya kidijitali inayoitambulisha seva kwa simu) iweke kando. Fungua dirisha jingine na uandike tcpdump -ni any udp port 1812, amri inayoonyesha pakiti zinazofika kwenye seva.

Kama tcpdump inaonyesha pakiti zikiingia lakini FreeRADIUS haizioni, ukuta wa moto wa seva unazizuia. Kwa ufw: ufw allow from 10.10.5.0/24 to any port 1812 proto udp, ukibadilisha subneti iwe ile ya AP zako. Fungua na 1813 kama unakusanya kumbukumbu za matumizi. Angalia neno udp. Wapo wanaofungua TCP halafu wanashangaa siku nzima.

Kama tcpdump nayo iko kimya, tatizo liko upande wa AP au njiani. Kagua anwani ya seva iliyoandikwa kwenye AP, na poti: vifaa vya zamani bado hutumia 1645. Kwenye MikroTik yenye mfumo wa zamani wa wireless, mambo mawili husahaulika: kwenye /radius lazima service=wireless iwe imewekwa, na kwenye security-profile eap-methods iwe passthrough. Bila hiyo ya pili ruta haipitishi mazungumzo kwenda kwa seva. Kwenye OpenWrt, kama hata chaguo la Enterprise halionekani, umewekewa wpad-basic, toleo lililopunguzwa la programu ya wpad. Iondoe, weka wpad kamili.

Dalili: ombi linafika, seva hainyanyui mdomo

Hapa logi inasema wazi. Mstari wa kwanza unaokutana nao ni kama huu:

Ignoring request to auth address * port 1812 bound to server default from unknown client 10.10.5.21 port 41034 proto udp

Seva haimtambui aliyeleta ombi. Kwa lugha ya RADIUS, "client" hapa ni AP, wala si simu ya mtumiaji. Ukilichanganya hilo utaanza kuandika anwani za simu za watu kwenye clients.conf, faili inayoorodhesha AP zinazotambuliwa na seva. Ongeza AP, au subneti nzima ya AP:

client ap_ofisi {
ipaddr = 10.10.5.0/24
secret = weka-siri-ndefu-hapa
}

Kila kipengele kikae kwenye mstari wake, na mabano ya kufunga yawe peke yake chini. Baada ya hapo washa seva upya, clients.conf haisomwi yenyewe. Kwenye UniFi, kila AP inatuma ombi kwa anwani yake yenyewe, si kwa anwani ya kidhibiti, kwa hiyo kumwandikisha kidhibiti peke yake hakutoshi. Mifumo mingine inapitisha kila kitu kwa kidhibiti. Usibishane na mtu juu ya hili, tcpdump itakuonyesha anwani.

Mstari wa pili unaojulikana sana:

Received packet from 10.10.5.21 with invalid Message-Authenticator! (Shared secret is incorrect.)

Siri iliyoandikwa kwenye AP na ile secret ya kwenye clients.conf hazilingani. Seva haitajibu lolote, na AP itadhani seva imekufa. Iandike upya pande zote mbili kwa herufi na tarakimu tu. Alama kama # na nukuu huleta balaa, kwa sababu kwenye faili za FreeRADIUS # huanzisha maelezo na kila kinachofuata hupuuzwa. Nafasi tupu iliyonakiliwa mwishoni mwa siri nayo ni adui asiyeonekana.

radtest imekubali, simu imekataa

Hapa watu wengi hupotea. Wanaandika radtest asha nenosiri localhost 0 testing123, wanapata Access-Accept, wanatangaza seva iko sawa. Amri hiyo inapima PAP, njia rahisi isiyo na handaki wala cheti. Simu haitumii njia hiyo moja kwa moja. Inafungua kwanza handaki la TLS, yaani njia iliyosimbwa, kwa PEAP au TTLS (aina mbili za EAP, utaratibu wa kujithibitisha wa Wi-Fi hii), halafu ndani yake inatoa nenosiri. radtest imekuthibitishia kwamba mtumiaji yupo na nenosiri lake linasomeka, basi.

Kipimo cha kweli ni eapol_test, kinachopatikana Debian kwenye kifurushi eapoltest. Mtengenezee faili ndogo yenye key_mgmt=WPA-EAP, eap=PEAP, identity, password, phase2="auth=MSCHAPV2" na ca_cert inayoelekeza kwenye cheti cha mamlaka yako (CA, anayetia saini cheti cha seva), kisha: eapol_test -c jaribio.conf -a 127.0.0.1 -s testing123. Mwisho utasoma SUCCESS au FAILURE. Ikikubali hapa na simu ikakataa, seva imesafishika. Mshuku AP au mpangilio wa simu. Na testing123 ni siri inayokuja na programu kwa ajili ya majaribio ya ndani. Isitoke nje ya localhost.

Dalili: Access-Reject ya wazi

Sasa ndipo habari ya jina na nenosiri inapoingia. Anza na User-Name kama ilivyofika. Kibodi za simu hupenda kugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa, na faili ya FreeRADIUS inatofautisha Asha na asha. Kibodi hizohizo huongeza nafasi baada ya neno lililopendekezwa. Seva itakataa na kuandika Rejected: User-Name contains whitespace. Laptop za Windows zilizo kwenye kikoa zinaweza kutuma OFISI\asha, au host/ ikifuatiwa na jina la kompyuta. Hiyo ya host/ ni kompyuta inayojitambulisha yenyewe kabla mtu hajaingia. Kama hukuipangia, iambie Windows itumie utambulisho wa mtumiaji tu.

Ukiona anonymous usishtuke. Hilo ni jina la nje ya handaki. Jina halisi linaonekana chini, kwenye sehemu ya inner-tunnel.

Kisha kuna mistari miwili inayofanana kwa sura ila ina tiba tofauti. MS-CHAP2-Response is incorrect maana yake seva ilikuwa na nenosiri la kulinganisha, na halikulingana. Mtumiaji kakosea, au simu imehifadhi la zamani. Mwambie ausahau mtandao huo kwenye simu kisha aingie upya. Lakini No NT-Password, ikifuatiwa na Cannot perform authentication, maana yake seva haina cha kulinganisha kabisa. Hapo hata mtumiaji aandike nenosiri sahihi mara mia, atakataliwa mara mia.

Sababu yake inafaa kueleweka vizuri, maana ndiyo inayoamua mfumo wako mzima. MSCHAPv2, njia ya kukagua nenosiri ndani ya PEAP, haimpi seva nenosiri. Inampa jibu la fumbo lililopigwa kwa hashi ya NT ya nenosiri hilo (alama inayokokotolewa kutoka kwenye nenosiri, kwa mtindo wa Windows). Ili seva ikague, lazima iwe na nenosiri lenyewe au hashi hiyohiyo ya NT. Kama LDAP yako inahifadhi hashi za aina nyingine, kama SSHA, bcrypt au crypt, PEAP-MSCHAPv2 haitafanya kazi, na hakuna mpangilio wa kuirekebisha. Vyuo vingi huangukia hapa: wanafunzi wote wamo kwenye LDAP, barua pepe inawakubali, Wi-Fi inawakataa. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza hashi ya NT kwenye LDAP kila mtu anapobadilisha nenosiri. Ya pili ni kuhamia TTLS yenye PAP ndani, ambayo inapeleka nenosiri likiwa limefunikwa na handaki, na seva inaweza kulikagua dhidi ya hashi ya aina yoyote. Mimi napendelea ya pili, kwa sharti moja: simu zote zikague cheti cha seva. Zisipokagua, mtu akiwasha AP yake bandia yenye jina la mtandao wako anapokea manenosiri yakiwa uchi. Na usidhani PEAP inakuokoa hapo. Mwaka 2012 Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kwamba MSCHAPv2 inavunjika kwa gharama ndogo.

Kwa Active Directory hashi haitoki, kwa hiyo FreeRADIUS humuuliza winbind (huduma ya Samba inayozungumza na Active Directory) kupitia amri ya ntlm_auth. Kosa lake maarufu: ukiijaribu ntlm_auth wewe kama root inakubali, huduma ikiijaribu inakataa. Mtumiaji freerad, ambaye huduma huendeshwa kwa jina lake, haruhusiwi kwenye folda winbindd_privileged. Mwongeze kwenye kundi winbindd_priv, kisha washa upya. Usiichmod folda hiyo kuwa 777, winbind itakataa kuitumia.

No Auth-Type found yenyewe ni nyepesi: hakuna moduli iliyomtambua mtumiaji. Ama hayupo, ama moduli ya ldap au sql haijaunganishwa kwenye mods-enabled, ama haikutajwa ndani ya sites-enabled/inner-tunnel. Kuitaja kwenye default peke yake hakusaidii, kwa kuwa nenosiri linakaguliwa ndani ya handaki.

Dalili: mazungumzo yanaanza, yanakatika katikati

Access-Challenge inatoka, inarudi, inatoka, kisha kimya. Hakuna Accept wala Reject. Baada ya muda seva inalalamika kwamba kikao cha EAP "did not finish!". Mara nyingi ni cheti, na aliyekata ni simu.

Tafuta mstari wa TLS Alert na usome neno moja: read au write. Read ni kilio kilichotoka kwa simu, write ni cha seva. TLS Alert read:fatal:unknown CA ni simu inayosema haimjui aliyetia saini cheti chako. Hakuna utakachobadilisha kwenye orodha ya watumiaji kikaisaidia. Ingiza cheti cha mamlaka kwenye simu, na uichague kwenye mpangilio wa mtandao huo.

Android inahitaji maelezo zaidi. Tangu sasisho la Android 11 la mwishoni mwa 2020, lile chaguo la kutokagua cheti lilianza kuondolewa, na simu nyingi mpya hazina tena. Mtumiaji lazima achague cheti cha CA na ajaze Kikoa. Hapo kwenye Kikoa pawekwe jina lililomo ndani ya cheti cha seva, mfano radius.chuo.example, si jina la Wi-Fi wala anwani ya IP. Jina lisipolingana, simu inakata bila kueleza. Android 13 imeleta utaratibu wa kumwonyesha mtumiaji cheti mara ya kwanza na kumwuliza kama anakiamini. Ni nafuu, ingawa watu hubonyeza Ndiyo bila kusoma.

Windows ina sharti lake: cheti cha seva kiwe na matumizi ya "TLS Web Server Authentication", yaani OID 1.3.6.1.5.5.7.3.1. Cheti kilichotengenezwa harakaharaka kwa openssl hukosa hicho kitu, na laptop zote za Windows zinagoma huku Linux zikiingia. Kagua kwa openssl x509 -in server.pem -noout -text. Papo hapo angalia tarehe ya mwisho. Vyeti vya majaribio vinavyotengenezwa na FreeRADIUS vimewekewa siku 60 tu, kwa makusudi, ili usivitumie kazini. Ndiyo maana mfumo uliosimikwa vizuri unakufa kwa pamoja miezi miwili baadaye, kila mtu akilaumu mtoa huduma wa intaneti.

Tarehe ya simu nayo ihesabu. Simu iliyozimika muda mrefu ikawaka na mwaka wa zamani itaona cheti bado hakijaanza kutumika. Saa ya seva ina uzito pale unapotumia EAP-TLS, njia inayotumia vyeti badala ya manenosiri, kwa kuwa hapo seva ndiyo inayokagua vyeti vya watumiaji. Raspberry Pi ya toleo la 4 kurudi nyuma haina saa yake ndani, ikikatikiwa umeme na intaneti kwa pamoja itaamka na tarehe ya uongo.

Kuhusu nani akutilie saini: mamlaka yako mwenyewe, ya miaka kama kumi, inakusumbua siku ya kwanza tu. Cheti cha Let's Encrypt kinabadilika kila baada ya miezi michache, na iPhone nyingi zitauliza upya kama mtumiaji anakiamini. Ukiwazoesha watu kubonyeza Amini kila mara, umempikia chakula mwenye AP bandia.

Kama kinachokatika ni tawi moja tu lililounganishwa kwa VPN, huku makao makuu yakiingia vizuri, waza ukubwa wa pakiti. Vyeti ni vizito, EAP-TLS hasa, na pakiti za UDP zikigawanyika vipande ndani ya VPN, vipande vingine hutupwa. Punguza fragment_size kwenye moduli ya eap (kwa kawaida ni 1024), na ruhusu vipande vya UDP kwenye ruta za pande zote.

Vifaa vya zamani vinavyojua TLS 1.0 pekee vitakataliwa na seva yenye tls_min_version ya 1.2. Unaweza kushusha kiwango, ila nisingewadhoofishia watu wote ulinzi kwa ajili ya printa moja. Iwekee mtandao wake.

Dalili: Access-Accept imetoka, intaneti hakuna

RADIUS imemaliza kazi. Kama simu haipati anwani ya IP, kagua DHCP (inayogawa anwani) na VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao mmoja). Ukigawa VLAN kupitia RADIUS, jibu la mwisho liwe na vitu vitatu: Tunnel-Type iwe VLAN, Tunnel-Medium-Type iwe IEEE-802, na Tunnel-Private-Group-Id iwe namba ya VLAN. Ukiviona kwenye inner-tunnel lakini havimo kwenye Accept ya mwisho, vimebaki ndani ya handaki. Fungua sites-enabled/inner-tunnel, sehemu ya post-auth, kuna kipande kinachoanza na if (0). Kigeuze kuwa if (1). Vikiwa vimefika kwa AP na bado hakuna IP, VLAN hiyo haijapitishwa kwenye poti ya swichi inayolisha AP.

Dalili: jana ilikuwa inafanya kazi

Umeme ulikatika? AP huenda zimepata anwani mpya kutoka DHCP, na kwa seva zimekuwa wageni. Zipe anwani za kudumu.

Umesasisha FreeRADIUS? Julai 2024 ulitangazwa udhaifu wa RADIUS uitwao BlastRADIUS, CVE-2024-3596, na matoleo yaliyofuata yakawa makali kuhusu Message-Authenticator, muhuri unaothibitisha kwamba pakiti haijachezewa. Wi-Fi ya EAP huwa nayo siku zote, haiguswi. Kinachoweza kugoma ni kifaa cha zamani kinachotuma PAP au anwani ya MAC bila kipengele hicho. Sasisha kifaa, ikishindikana, legeza require_message_authenticator kwa client huyo peke yake.

Zimegoma laptop za Windows tu, baada ya kuhamia Windows 11 22H2? Kwenye matoleo ya Enterprise na Education, Credential Guard, ulinzi wa Windows wa manenosiri yaliyohifadhiwa, huwashwa yenyewe na inazuia PEAP-MSCHAPv2 kutumia nenosiri ambalo mtu ameingilia kwenye kompyuta. Mtumiaji akiliandika mwenyewe anaingia. Tiba ya kudumu ni EAP-TLS, na Microsoft wanasukuma huko.

Mgeni wa eduroam anakataliwa

eduroam ni Wi-Fi ya pamoja ya vyuo: mtu hutumia akaunti ya chuo chake hata akiwa chuo kingine. Vyuo vilivyo chini ya KENET (Kenya), TERNET (Tanzania) au RENU (Uganda) hukutana na hili. Mwenyeji anaingia kwa jina fupi tu, kama asha, akifika chuo kingine anakataliwa. Bila sehemu ya @ na kikoa cha chuo chake, seva ya huko haijui ombi ipeleke wapi. Mlazimishe atumie jina kamili hata akiwa nyumbani, ili kosa lionekane kabla hajasafiri. Na kama ni mgeni wenu anayegoma huku wenyeji wakiingia, tafuta kwenye -X kama ombi lake linapelekwa nje kabisa. Linapelekwa na halijibiwi? Kagua siri kati yenu na seva ya kitaifa, na kama anwani ya seva yenu waliyoiandikisha huko bado ni hii mnayotumia leo.